Uzito wa Chombo Kitupu

Fidahusein anatandika kitambaa cha kijani kauntani
kama anayemwandalia mgeni,
na kabla hajaweka kitu anauliza:
"Kibali unacho, Shekiondo?"

Ninacho. Kimekunjwa mara nne, kina mihuri mitatu.
Wa mwisho uligongwa Chumbageni, Jumanne,
na kijana aliyenitazama mvi, kisha mikono,
akasema, "Babu, unamwogopa nani?"

Simwogopi mtu.
Miaka thelathini na moja nilikaa kwenye mizani ya mkonge,
robota linapanda, robota linashuka,
nikiandika kilo za watu wengine
kwa kalamu ya watu wengine.
Na kabla ya hapo, sijaota hata ndevu,
Mgiriki mwenye shamba alilenga makopo ya maziwa
nyuma ya ofisi, kila Jumapili,
mimi nikimwokotea maganda ya risasi yangali moto,
maganda kumi kwa senti tano.
Hakuniachia niishike hata siku moja.
Basi. Hiyo ndiyo sababu,
na kwenye fomu haikuwa na mstari wake.

"Hii hainunuliwi kama sufuria," anasema Fidahusein.
"Mwili wameshautengeneza. Yaliyobaki unaamua wewe,
na fundi mmoja ataikalia mpaka iishe."
Mtutu wa inchi nne au tano?
Tano.
Triga ya ratili tatu au nne?
Ananipa za mfano, tupu, nizibonyeze nikilenga ukutani.
Ya tatu ni kama kugusa kope ya mtoto aliyelala.
Ya nne inakuuliza kwanza: una hakika?
Nachukua nne.

Mipini iko sita kisandukuni,
na kidole kinakwenda chenyewe kwenye mweusi.
"Mpingo," anasema, kwa ile sauti ya kupandisha bei.
Nacheka mpaka nakohoa.
Mjomba wangu kule Handeni
alifungia zizi la mbuzi kwa kigingi cha mpingo!
Mti umetoka porini kwetu, umepanda meli,
umepigwa msasa na watu wasiojua hata ua lake,
umerudi Tanga kwa bei ya mbuzi wanane,
zizi lenyewe halimo.
Weka huohuo.

Asubuhi Hadia hakugomba.
Alimimina chai, akatazama dari
pale tunapokinga ndoo wakati wa masika,
akasema, "Kiinua mgongo ni chako. Na mgongo ni wako."
Afadhali angegomba.

Naiinua ya mfano. Kiganja kinapima bila kuombwa,
maradhi ya kazi hayo:
kilo moja na gramu mia moja na kumi.
Fidahusein anaiweka kwenye mizani yake ya betri.
Elfu moja mia moja na nane.
Tumepishana gramu mbili,
na siiamini mizani yake.

"Ubavuni tunachora jina. Herufi kumi na mbili, bure."
Langu ni tisa.
La Hadia ni tano, lakini hilo
silipeleki kwenye chuma.
Mgiriki sikupata kulijua jina lake,
tulimwita Bwana, ikatosha.

Siku ya kwanza kazini niliambiwa jambo moja tu:
pima gari tupu.
Usipojua uzito wa chombo,
hutajua umebeba nini.

"Fundi akimaliza," namwambia, "aipime bila risasi,
aandike hapo alichopata."
"Nambari tu?"
"Nambari tu."
Anainamia karatasi, anaandika polepole,
anaiweka alama ya kuuliza pembeni,
anaifuta.

Miezi saba, anasema. Pengine minane, forodha wakipenda.
Nalipa nusu, narudishiwa elfu mbili mia tano,
na badala ya kwenda nyumbani
nakata Ngamiani, kwa muuza bati,
kuuliza bei.
Kuuliza tu.